Mtoto akitanguliza makalio: tarehe ya kisu ipangwe lini?

Na Mwandishi Wetu, London

Mkunga akipapasa tumbo la mimba ya wiki 36 na kukuta kile kitu kigumu cha mviringo kiko juu, chini ya mbavu, mazungumzo ya kliniki hubadilika. Mama hupelekwa kwenye altrasaundi, daktari huthibitisha kuwa mtoto amekaa kitako, na kabla mama hajashuka kitandani hutajiwa neno ambalo wengi wetu tumekua tukiliogopa: kisu. Hapa Uingereza neno la pili hufuata haraka, nalo ni tarehe.

Makala haya yanahusu hilo neno la pili. Kuhusu kisu chenyewe kina mama wetu walioko ughaibuni wamekwisha kuambiwa mengi, mengine ya kweli na mengine ya kutisha tu. Kuhusu tarehe hawaambiwi mengi. Hupewa karatasi yenye siku na saa, wakaenda nayo nyumbani, na huko ndiko baraza linakokaa. Mume anatazama siku zake za likizo, wifi anatazama Idd inaangukia lini, na bibi aliyekuja kutoka Tanga kumpokea mjukuu anatazama muhuri wa viza kwenye pasi yake. Mwisho wa baraza mama anarudi kliniki na ombi dogo: tunaomba iwe wiki moja kabla. Ndugu msomaji, wiki hiyo moja si ndogo kama inavyosikika.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Katika wiki ya 28 karibu mtoto mmoja kati ya watano huwa bado amekaa kitako, na hilo halimshtui mkunga yeyote. Nafasi ipo, mtoto anapinduka apendavyo. Mimba inapotimia hubaki watatu au wanne katika kila mia. Wengi wao wametanguliza makalio na miguu imenyooka juu hadi karibu na uso. Wengine wamekunja magoti kama mtu aliyekaa mkekani. Wachache wametanguliza mguu, na hao ndio wanaowanyima madaktari usingizi, kwa sababu tutakazozieleza.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kwa Wasukuma mtoto aliyetanguliza miguu huitwa Kashinje, na kuzaliwa kwake kulihesabiwa kuwa jambo la kufanyiwa mila, kama kulivyo kuzaliwa kwa mapacha. Ukikutana na mtu mwenye jina hilo, ujue kuna mama aliyemzaa kwa njia hiyo na kuna mkunga aliyeijua kazi yake.

Kabla ya kuzungumzia tarehe yoyote, mama ana haki ya kuuliza swali moja: je, mtoto anaweza kugeuzwa? Mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha hapa Uingereza unasema mama apewe nafasi hiyo kuanzia wiki ya 36 kama ni mimba ya kwanza, na kuanzia wiki ya 37 kama amekwisha kuzaa, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu inayozuia. Daktari humgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, altrasaundi ikiwa pembeni na mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa. Kwa wastani hufanikiwa nusu ya nyakati, kwa wazaliwa wa kwanza pungufu kidogo, kwa waliokwisha kuzaa zaidi kidogo. Katika mama 200, takriban mmoja hulazimika kupasuliwa kwa dharura ndani ya saa 24 zinazofuata, ndiyo maana kazi hiyo hufanyika hospitali yenye chumba cha upasuaji karibu. Isichanganywe na kuchuliwa tumbo sebuleni na mama mtu mzima mwenye nia njema na mafuta ya nazi. Yeye hana chombo cha kumwambia kama moyo wa mtoto umepunguza mwendo.

Nimesikia kina mama wakisema hawakuwahi kuelezwa habari ya kugeuza, walipewa tarehe ya kisu moja kwa moja. Kama ni wewe, uliza. Huombi hisani.

Tuseme mtoto hakugeuka, au mama hakutaka ageuzwe. Hapo kuna njia mbili, kuzaa kwa kawaida au kupasuliwa. Historia ya uchaguzi huo ina mwaka wake. Oktoba 2000 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dk. Mary Hannah wa Toronto, Kanada, uliohusisha wanawake 2,088 katika vituo 121 vya nchi 26. Watoto waliokufa au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6 upande wa waliopangiwa upasuaji, na asilimia 5 upande wa waliopangiwa kuzaa kwa kawaida. Matokeo hayo yalibadilisha wodi za uzazi haraka mno. Uholanzi, kwa mfano, upasuaji wa watoto waliokaa kitako ulipanda kutoka asilimia 50 hadi asilimia 80 katika muda wa miezi miwili.

Baadaye maswali yalikuja. Watoto wa utafiti huohuo walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 hayakuonyesha tofauti katika vifo na kuchelewa kukua kwa akili. Mwaka 2006 utafiti mkubwa wa Ufaransa na Ubelgiji, wa wanawake zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba pale mama wanapochaguliwa kwa uangalifu na mzalishaji ana uzoefu, tofauti ya hatari si kubwa. Lakini kufikia hapo madaktari vijana wengi walikuwa wamekwisha kumaliza masomo bila kumtoa hata mtoto mmoja kwa makalio. Ustadi usiotumika hupotea, na mama anayetaka kuzaa kwa kawaida leo lazima aulize wazi nani atakuwa zamu usiku huo na ameshazalisha wangapi wa namna hiyo.

Mwongozo wa mwaka 2017 wa chuo nilichokitaja unaweka hesabu hivi: mtoto aliyekaa kitako akipangiwa upasuaji baada ya wiki 39 kutimia, hatari ya kufa ni karibu 0.5 katika kila 1,000. Akipangiwa kuzaliwa kwa kawaida ni karibu 2 katika 1,000. Mtoto aliyetanguliza kichwa na kupangiwa kuzaliwa kwa kawaida ni karibu 1 katika 1,000. Ni namba ndogo zote, na mama ana haki ya kuziona zote tatu kabla hajaamua. Angalia pia maneno "baada ya wiki 39 kutimia". Hayakuwekwa hapo kupamba sentensi.

Kwa nini 39? Jibu liko kwenye mapafu. Tumboni mapafu ya mtoto hayana hewa, yamejaa majimaji ambayo mapafu yenyewe huyatengeneza. Siku za mwisho za mimba, na hasa uchungu unapoanza, homoni huyafanya mapafu yaache kutengeneza maji hayo na kuanza kuyanyonya. Mtoto anayetolewa kwa kisu kabla ya uchungu hajapitia hatua hiyo. Akiwa amekomaa vya kutosha huvuka bila shida. Akiwa bado, huzaliwa akihema haraka haraka, pua zinatanuka, mbavu zinaingia ndani, na badala ya kifua cha mama hupelekwa kwenye oksijeni.

Namba zake zinajulikana tangu zamani. Uchunguzi wa Cambridge uliochapishwa mwaka 1995 uliwaangalia watoto waliotolewa kwa upasuaji bila uchungu kuanza. Waliopata matatizo ya kupumua walikuwa karibu 74 katika kila 1,000 wakizaliwa katika wiki ya 37, karibu 42 katika wiki ya 38, na karibu 18 katika wiki ya 39. Mwaka 2009 Marekani ilitoa hesabu zake kutoka kwa wanawake zaidi ya 13,000. Hao walikuwa wanarudia upasuaji, si wenye watoto waliokaa kitako, lakini mapafu ni mapafu. Watoto waliopata tatizo moja au zaidi, kama shida ya kupumua, sukari kushuka au maambukizi, walikuwa asilimia 15.3 katika wiki ya 37, asilimia 11 katika wiki ya 38, na asilimia 8 katika wiki ya 39. Zaidi ya theluthi moja ya upasuaji huo ulikuwa umefanyika kabla ya wiki 39, bila uchungu na bila sababu ya kitabibu.

Ndiyo maana mwongozo wa huduma za afya hapa Uingereza unasema upasuaji wa kupangwa usifanywe kwa mazoea kabla ya wiki 39. Wengi wa watoto wanaopata shida hiyo hupona kwa siku chache, na hilo lisemwe ili asitishwe mtu. Lakini siku chache za mtoto kwenye chumba cha joto na mama wodi nyingine mwenye kidonda kibichi, maziwa hayajashuka, ni siku ndefu.

Hapa ndipo hesabu zetu na hesabu za hospitali zinapogongana. Katika nyumba moja mashariki mwa London nilikaa nikisikiliza mabishano ya mama mjamzito na mama yake mzazi aliyetoka Tanga.

"Mama, daktari anasema wiki ya 39."

"Mwanangu, miezi tisa si imetimia? Mimi nimehesabu mwezi baada ya mwezi. Mtoto wa miezi tisa ni mtoto kamili. Sasa wanangoja nini, mpaka mimi nipande ndege?"

Bibi hakukosea kuhesabu. Alihesabu kwa mwezi mwandamo, kama alivyofundishwa. Hospitali inahesabu siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Miezi tisa ya mwandamo ni siku 265 au 266, ambazo ni wiki 38 bila nyongeza. Chukua mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza Januari 1 katika mwaka usio mrefu. Wiki 37 zitatimia Septemba 17. Miezi tisa ya bibi itatimia Septemba 23 au 24, na hapo ni wiki 38. Wiki 39 zitatimia Oktoba 1, na tarehe ya makadirio ni Oktoba 8. Kati ya "miezi tisa imetimia" na tarehe ya daktari kuna wiki moja nzima, na kwa hesabu za Cambridge wiki hiyo ndiyo inayopunguza matatizo ya kupumua kwa zaidi ya nusu.

Nilipoliweka hivyo, bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama viza inaweza kuongezwa. Ni swali la mwanasheria, si la mkunga. Sisi tulioondoka nyumbani si kwa hiari tunayajua maisha ya kuhesabu siku za karatasi: siku za rufaa, siku za kibali, siku za pasi. Si ajabu mazoea hayo yakaingia hadi tumboni. Lakini anayezaliwa hana muhuri wa kuisha. Ikilazimu bibi asiione siku ya kuzaliwa, na aikose, au wanaomwalika wapange safari kuanzia tarehe ya upasuaji na kuendelea badala ya kuishia hapo. Hiyo ndiyo rai yangu, na najua ni rahisi kuisema kwa asiyelipa tiketi.

Hesabu nzuri inahitaji mwanzo mzuri. Hapa Uingereza altrasaundi ya kati ya wiki ya 11 na ya 14 ndiyo inayoweka tarehe, na ikitofautiana na kumbukumbu ya mama, altrasaundi hufuatwa. Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kipimo cha mwezi wa mwisho hakiwezi kuziba pengo hilo, kwani wakati huo kinaweza kukosea kwa wiki mbili hata tatu. Mama aliyehamia ughaibuni mimba ikiwa kubwa aje na karatasi zake za kliniki za mwanzo, hata kama zimekunjamana. Daktari anayepanga "wiki ya 39" kwa tarehe ya kubahatisha huenda anapanga wiki ya 37.

Basi kwa nini tusingoje hadi uchungu uanze wenyewe, mapafu yakauke vizuri, ndipo apasuliwe? Ni swali la maana na wapo wanaolichagua. Uzito wa upande wa pili ni huu. Kila wiki inayopita baada ya 39 ina hatari ndogo ya mtoto kufia tumboni, na upasuaji wa wiki 39 huiondoa. Upasuaji wa dharura usiku wa manane una hatari zaidi kwa mama kuliko wa asubuhi uliopangwa. Na mtoto aliyekaa kitako hazibi mlango wa uzazi kama kichwa kinavyoziba. Chupa ikipasuka, kitovu kinaweza kuteleza na kutangulia, kikabanwa, damu ikakatika. Kwa aliyekunja miguu au aliyetanguliza mguu hatari hiyo ni kubwa zaidi kuliko kwa aliyenyoosha miguu juu. Ndiyo maana si kila mama mwenye mtoto wa kitako apewe jibu moja. Anayeishi dakika kumi kutoka hospitali na mtoto wake amenyoosha miguu ana nafasi ya kujadiliana. Mwenye mtoto aliyetanguliza mguu, au anayeishi mbali, hana nafasi kubwa hivyo.

Zipo pia sababu halali za kutangulia kabla ya wiki 39: presha ya mimba, mtoto aliyeacha kukua, mapacha, kondo la nyuma lililoziba njia, kutoka damu. Hapo daktari anaweza kuzungumzia sindano za steroidi za kukomaza mapafu. Zinapunguza shida ya kupumua lakini zinaweza kushusha sukari ya mtoto mchanga, kwa hiyo katika wiki ya 37 na ya 38 hazitolewi hapa kwa mazoea. Likizo ya baba haimo kwenye orodha hiyo. Ratiba ya chumba cha upasuaji haimo pia, na ikiwa hospitali ndiyo inayotaka kuvuta tarehe nyuma kwa kuwa wiki inayofuata imejaa, mama aulize sababu ni ya nani.

Tarehe ikishaandikwa, mambo mawili yasisahaulike. Kwanza, takriban mama mmoja kati ya kumi waliopangiwa upasuaji wa wiki 39 huanza uchungu kabla. Uchungu ukianza au chupa ikipasuka, tarehe ya kwenye karatasi imekufa, piga simu na uende hospitali saa hiyo hiyo. Ukihisi au kuona kitovu kimetoka, piga simu ya dharura, piga magoti, kifua chini na makalio juu, usubiri gari la wagonjwa katika hali hiyo. Pili, asubuhi ya upasuaji dai mtoto aangaliwe tena kwa altrasaundi. Wachache hugeuka wenyewe wiki za mwisho kimya kimya, na kumpasua mama kwa ajili ya kitako kisichokuwapo tena ni hasara isiyorudi.

Anayeamua ni mama. Katika sheria za hapa sahihi ya mume au mama mkwe haihitajiki. Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Nadine Montgomery dhidi ya bodi ya afya ya Lanarkshire, iliamua kuwa daktari lazima amweleze mgonjwa hatari zote ambazo mtu katika hali yake angeziona kuwa na uzito, pamoja na njia nyingine zilizopo. Kama Kiingereza hakitoshi, omba mkalimani, ni bure, na usikubali mtoto wako wa miaka kumi afanywe mkalimani wa tumbo lako. Kuhusu malipo, wakimbizi na wenye maombi ya hifadhi ambayo hayajaamuliwa hawatozwi. Asiye na ukaazi halali anaweza kutumiwa ankara England, na ni kubwa, lakini huduma ya uzazi haiwezi kuzuiwa wala kucheleweshwa kwa sababu hajalipa. Wapo waliojificha nyumbani hadi chupa ikapasuka kwa kuogopa ankara hiyo.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya tarehe, nayo ni ya mimba zijazo. Kovu hubaki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliowahusu wanawake zaidi ya 30,000 ulionyesha kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi kwa asilimia 0.24 katika upasuaji wa kwanza, asilimia 0.57 katika wa tatu, na zaidi ya asilimia 2 katika wa nne. Kwa anayetaka watoto wawili hilo ni jambo dogo. Kwa anayetaka sita, na anafikiria kurejea nyumbani mambo yakitulia, si dogo. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mama watano hivi katika kila 1,000 wanaopasuliwa hufariki, mara 50 ya nchi tajiri. Mwenye kovu akishika mimba nyumbani ajiandikishe mapema kwenye hospitali inayopasua, asogee karibu nayo wiki za mwisho, na aende na karatasi inayoeleza alipasuliwa vipi. Iombe karatasi hiyo kabla hujaondoka hospitali ya huku. Miaka mitano baadaye, ukiwa Kigoma au Bujumbura, hutaipata kirahisi.

Na mtoto mwenyewe, akishatoka salama, bado ana miadi moja. Waliokaa kitako wiki za mwisho, hata kama waligeuzwa wakazaliwa kwa kichwa, wako kwenye hatari zaidi ya nyonga kutokaa sawasawa kwenye tundu lake. Hapa Uingereza hufanyiwa altrasaundi ya nyonga kabla ya kufikisha wiki sita. Ikigundulika mapema, mikanda maalumu ya miguu kwa miezi michache hutosha mara nyingi. Barua ya miadi hiyo huja kwa posta, mara nyingi wakati nyumba imejaa wageni wa arobaini, na ni rahisi sana kuifunika kwa sahani ya vitumbua.